Habari za Trekta Kuukuu la Mwika: Kutoka Dainamo hata Alteneta



Katika kitabu hiki cha jubilei wenzetu wamepewa kuandika habari za kujengwa kwa makanisa, za shule, za zahanati na za kwaya. Sisi tumeombwa kuandika habari za kitu kisichoimba wala kusoma, nacho ni trekta. Labda wako watakaouliza, Trekta lina nini na jubilei? Twawajibu ya kuwa mahindi yaliyoliwa nyumbani mwetu, na karo zilizolipwa kwa magunia yaliyouzwa Himo, na sadaka za mavuno zilizoletwa kila mwaka, sehemu yake ilitoka katika ardhi iliyopinduliwa na chombo hicho. Tena katika habari zake mna fundisho ambalo walimu wetu waweza kuwapa watoto, yaani jinsi kitu cha kale kinavyoweza kupokea kipya pasipo kuharibika, na jinsi kinavyoharibika mtu asipouliza kwanza.

MLIMA NA TAMBARARE

Mtu asiyezaliwa Kilimanjaro huenda akastaajabu kusikia habari za trekta Mwika. Akipita barabara itokayo Himo, ikapanda hata Marangu Mtoni, kisha ikageuka kuelekea Mwika na Rombo, ataona migomba, kahawa na mabonde, wala hataona mahali pa trekta kugeukia. Na kweli, vihamba vyetu havilimwi kwa trekta. Kihamba ni cha jembe la mkono; humo migomba, kahawa, magimbi na majani ya ng'ombe hukaa pamoja, na maji ya mfongo hupita katikati.

Lakini tangu zamani jamaa wa Mwika husimama kwa miguu miwili: mmoja uko kihambani, wa pili uko shambani kule chini tambarare, upande wa Himo na nchi iendayo Kahe. Huko ndiko tulimako mahindi, maharage na alizeti. Kahawa ilipoanza kuleta fedha, chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa kikaanzishwa mwaka wa 1925, na KNCU ikaundwa mwaka wa 1933. Watu wakaongezeka, vihamba vikagawanywa kwa watoto na wajukuu hata vikawa vidogo, na kwa hiyo wengi wakazidi kuteremka tambarare kutafuta chakula. Huko nchi ni pana, udongo ni mzito, na mvua ya masika haimngoji mtu. Yaanza mwezi wa Machi, na asiyepanda mapema huona mahindi yake yakikauka kabla ya kufunga punje. Ndipo trekta lilipopata kazi yake.

Hapa liko jambo dogo ambalo ndilo shina la habari yetu. Trekta la dizeli la zamani halihitaji umeme ili liendelee kunguruma. Likiisha kuwaka, pampu yake husukuma mafuta kwa nguvu ya injini yenyewe, na mafuta hayo hushika moto kwa joto la hewa iliyobanwa. Umeme wahitajiwa kwa kuliwasha, na kwa taa za usiku. Kwa hiyo mtu wa mlimani ambaye betri yake imekufa hakuwa na shida kubwa. Jioni aliliegesha trekta penye mteremko, uso wake ukitazama bondeni, akatia mawe mbele ya magurudumu. Asubuhi aliondoa mawe, likateremka, akaachia klachi, likawaka. Mteremko ndio uliokuwa betri yake. Lakini tambarare hakuna mteremko. Trekta likizima katikati ya shamba lenye tope, hata watu kumi na wanne hawawezi kulisukuma likawaka. Basi shida ya umeme iliyofichwa na mlima ilifunuliwa na tambarare.

MATREKTA YALIKOTOKA

Mwaka wa 1946 kiwanda kimoja katika mji wa Coventry, Uingereza, kilianza kuunda trekta dogo la rangi ya kijivu lililobuniwa na Harry Ferguson, mtu wa Ireland. Liliitwa TE20, na hata mwaka wa 1956 yalikuwa yameundwa zaidi ya 500,000. Mwaka wa 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris ya Kanada, na baadaye yakaja matrekta mekundu yenye jina la Massey Ferguson: kwanza lile la 35, kisha, mwaka wa 1964, lile la 135. Haya ni miongoni mwa matrekta yaliyojulikana sana katika Afrika ya Mashariki. Yalianza katika mashamba ya walowezi, yakaingia katika mikono ya vyama na ya watu binafsi, na mengine yangali yanalima, ingawa waliyoyanunua mapya wamekwisha kuzikwa.

Katika miaka ile ile nchi yetu ilipata fundisho kubwa. Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga, na mwaka wa 1947 mitambo ikaanza kufyeka pori huko Kongwa. Nia ilikuwa kulima eka zaidi ya milioni 3. Matrekta yalitafutwa hata katika mabaki ya vita huko Ufilipino na Misri, na vifaru vya vita viligeuzwa kuwa mitambo ya kulimia. Lakini kabla ya mwaka ule kwisha sehemu kubwa ya matrekta hayo ilikuwa imelala, kwa kuwa yalikuja yamechakaa, vipuri vilikuwa haba, na waliojua kuyatengeneza hawakutosha. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukaachwa, na hasara yake ikahesabiwa kuwa paundi milioni 36 hivi. Twayakumbuka hayo si kwa kuwacheka waliopita, bali kwa sababu yaonyesha ya kuwa fedha yaweza kununua trekta, lakini trekta likifika lataka mtu alijuaye.

DAINAMO NA KAZI YAKE

Matrekta hayo ya kwanza yalikuwa na dainamo. Ili tufahamiane, na tuutazame mfongo. Maji yakitoka kwenye chanzo cha juu yana nguvu ya kushuka. Nguvu hiyo tuifananishe na volti. Wingi wa maji yapitayo tuufananishe na ampea. Betri ni bwawa dogo la kutunza maji ya usiku. Dainamo ni chanzo chenyewe: ikizungushwa na mkanda wa injini, hutoa umeme na kulijaza bwawa.

Ndani ya dainamo nyaya huzunguka katikati ya sumaku, na umeme wote utokao hupita katika vipande vya shaba na vijiti vya kaboni vinavyosuguana navyo. Tena kiko kisanduku kando yake ambacho mafundi hukiita katauti. Kazi zake ni mbili: hupima umeme usizidi, kama mzee wa mfongo agawaye zamu, na injini ikienda polepole hufunga lango, ili umeme wa betri usirudi nyuma na kupotea.

Dainamo ilikuwa chombo chema kwa siku zake, lakini ina udhaifu wa namna tatu. Kwanza, haitoi umeme wa kutosha injini ikienda polepole, na trekta hukaa saa nyingi likienda hivyo. Pili, kaboni na shaba huliwa upesi na vumbi la tambarare. Tatu, nguvu yake ni ndogo. Dainamo za Lucas za namna ya C40, zilizofungwa katika magari na matrekta mengi ya Uingereza, nyingi hazikuzidi ampea 22. Mtu akilima usiku kwa taa mbili au tatu, asubuhi betri ilikuwa imelegea.

ALTENETA ILIVYOKUJA

Wengi hudhani alteneta ni kitu cha juzi, na kweli katika magari ni cha juzi, lakini asili yake ni ya zamani. Mwaka wa 1831 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha ya kuwa sumaku na waya vikisogezwa pamoja huzaa umeme. Mwaka uliofuata, 1832, Hippolyte Pixii alitengeneza huko Paris mashine ya kuzungusha sumaku mbele ya nyaya. Umeme wake ulikuwa ukienda na kurudi, kwenda na kurudi. Watu wa siku zile hawakuona matumizi ya umeme wa namna hiyo, basi kikaongezwa kigeuzi cha kuufanya uende upande mmoja. Katika kigeuzi hicho ndimo vilimotoka vile vipande vya shaba vya dainamo.

Alteneta hurudia njia ile ya kwanza. Sumaku yake ndiyo inayozunguka, na nyaya zitoazo umeme mwingi zimetulia. Kaboni zake hubeba umeme kidogo tu wa kuiamsha sumaku, kwa hiyo hudumu. Umeme uendao na kurudi husafishwa na dayodi, yaani vilango vidogo vinavyoruhusu umeme upande mmoja na kuuzuia upande wa pili. Dayodi imara za silikoni zilipopatikana kwa bei ya kufaa, kampuni ya Chrysler ya Marekani ikaweka alteneta katika gari lake la Valiant la mwaka wa 1960, na wengine wakafuata. Massey Ferguson 135 ya mwanzo ilikuja na dainamo, na ya baadaye ikaja na alteneta. Alteneta ya Lucas ya namna ya 17ACR hutoa ampea 36, na huanza kujaza betri hata injini ikienda polepole.

Tangu miaka ya 1990 magari mengi yaliyotumika yaliingia nchini kutoka Japani, na alteneta zake zikajaa katika maduka ya vipuri, huku kaboni na shaba za dainamo zikizidi kuadimika. Basi kila mwenye trekta kuukuu alijiuliza, Kwa nini nisifunge alteneta?

KOSA LETU

Sasa twafika mahali pa kusema habari zetu wenyewe, wala hatutaficha. Kikundi chetu cha wakulima kilikuwa na trekta moja la Massey Ferguson 35, lililonunuliwa likiwa limekwisha kutumika miaka mingi. Katika masika moja ya miaka ya 1990 dainamo yake ilikufa, na shaba yake ilikuwa imeliwa hata haikufaa kutengenezwa. Tulichanga fedha, tukapata alteneta ya gari dogo, tukampa kijana wetu mmoja aifunge. Alikuwa mwenye bidii, na kosa si lake peke yake, maana sisi wazee tulisimama pale tukimharakisha, kwa kuwa mvua ilikuwa imekwisha kuanza.

Aliifunga vizuri kwa boliti, akaunga nyaya, akarudisha betri. Mara moshi ukatoka. Kabla hajapata spana ya kufungulia, waya mnene ulikuwa umeyeyuka, na dayodi zote zilikuwa zimeungua.

Trekta lilisimama majuma matatu. Tulijaribu kuliteremsha kutoka mlimani likiwaka na kuliacha lingurume kutwa bila kuzimwa, lakini siku ya pili lilizima shambani, udongo ukiwa umelowa, likalala hapo hapo. Alikuwako mama mmoja mjane aliyekuwa amelipa mapema eka zake mbili. Alikuja jioni, akasimama mlangoni, akasema, "Baba zangu, wenzangu wa jembe la ng'ombe wamekwisha kupanda. Mimi nimewapa ninyi fedha yangu, nifanyeje?" Hatukuwa na la kumjibu. Tulimrudishia fedha yake, lakini msimu haurudishwi. Alipanda akiwa amechelewa, mvua ikakatika, akavuna magunia machache tu, na mwaka ule mwanawe alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Hayo twayaandika ili msomaji ajue ya kuwa waya mmoja si jambo dogo.

FUNDI MZEE

Baadaye tulimwita mzee mmoja aliyekuwa fundi katika mashamba makubwa zamani. Alipofika hakugusa alteneta. Aliinama akaitazama betri.

"Shikamoo, babu," akasema yule kijana.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kichwa gani cha betri kimefungwa kwenye bodi ya trekta?"

"Babu, nilidhani ni hasi, kama magari yote."

"Trekta hili lilizaliwa kabla ya baba yako. Uliliuliza?"

Ndipo tukaelewa. Magari ya siku hizi hufunga kichwa hasi cha betri kwenye bodi. Lakini matrekta mengi ya Uingereza ya miaka ya 1940 na 1950, na hata Ford 8N ya Marekani, yalifunga kichwa chanya. Alteneta yetu ilitaka hasi kwenye bodi. Sisi tuliiunga kinyume, na vile vilango vya dayodi vikawa wazi vyote, umeme wa betri ukapita kama mfongo uliobomoka kingo. Trekta halikuwa na kasoro, wala alteneta haikuwa mbovu. Vilikuwa na desturi mbili mbalimbali, na hakuna aliyevipatanisha.

JINSI IPASAVYO KUFANYA

Yule mzee alitufundisha kazi hiyo kwa utaratibu, nasi twaiandika hapa kwa faida ya wengine.

Kwanza, fungua betri kabisa kabla ya kugusa waya wowote. Tazama kichwa kipi kiko kwenye bodi. Kikiwa chanya, kigeuze: hasi iende kwenye bodi, na chanya iende kwenye stata. Stata za zamani, zisizo na sumaku ya kudumu, hazibadili upande wa kuzunguka kwa kugeuzwa betri. Taa nazo hazijali. Amita itasoma kinyume, basi nyaya zake mbili zibadilishane mahali. Kama injini ni ya petroli, nyaya ndogo mbili za koili nazo zibadilishwe.

Pili, ondoa dainamo pamoja na kisanduku chake cha katauti, maana alteneta nyingi za siku hizi zina kipimo chao ndani. Mtu asiache kisanduku cha kale kikiwa kimeungwa. Hakina kazi tena.

Tatu, puli ya alteneta ilingane na puli za injini, mkanda ukae sawa kama uzi wa mwashi. Ukiubonyeza mkanda kwa kidole gumba, ushuke sentimita 1 hivi. Ukilegea utateleza, ukikazwa mno utaua beringi.

Nne, waya wa kale ulifanywa kwa dainamo ndogo. Tia waya mpya mnene kutoka alteneta hata mahali waya wa betri unapofika kwenye stata. Amita ya kale yenye kikomo cha ampea 30 isipitishwe umeme wote wa alteneta yenye nguvu zaidi.

Tano, usidharau ile taa ndogo ya chaji. Katika alteneta nyingi umeme mdogo upitao katika taa hiyo ndio uiamshao sumaku. Kwa zile za Lucas balbu yake ni ya wati 2.2. Ikiungua, alteneta nzima yaweza kukaa kimya, na mtu akadhani imekufa.

Sita, pima. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma volti 12.6 hivi. Injini ikinguruma isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikibaki chini ya 13, haichaji. Ikipita 15, maji ya betri yatachemka.

Saba, usifungue betri injini ikiwa inanguruma, wala usichomelee chuma cha trekta kwa umeme kabla ya kufungua betri na nyaya za alteneta. Dayodi hazisamehe.

Tena matrekta ya volti 6, kama ile Ford 8N, yana kazi ya ziada: betri na balbu zote zibadilishwe ziwe za volti 12, na koili yake vile vile. Na katika baadhi ya matrekta ya zamani waya wa kipimo cha mwendo wa injini huzungushwa kutoka nyuma ya dainamo. Mwenye trekta la namna hiyo ajue mapema ya kuwa akiondoa dainamo kipimo kitanyamaza.

MWISHO WA HABARI

Kazi hiyo iliwachukua mzee na kijana siku mbili. Jioni ya siku ya pili kijana aligusa swichi, taa ndogo nyekundu ikawaka. Injini ikashika, na taa ikazimika yenyewe. Mzee hakusema neno, ila aliomba rangi na brashi, akaandika juu ya tope-gadi, karibu na betri: HASI KWENYE BODI. Akasema, "Sasa hata nikifa litajibu lenyewe likiulizwa."

Masika iliyofuata shamba la kwanza kulimwa lilikuwa la yule mama mjane, wala hatukupokea malipo yake. Yule kijana leo ni fundi wa umeme wa magari, ambaye watu humwita fundi rewaya, naye ana wanafunzi wake.

Ndugu zetu walimu, twawaomba jambo moja. Kila jumuiya ina kitu kikuukuu kinachofanya kazi bado: mashine ya kusaga, pampu, kinanda, kengele, au trekta. Kabla hakijaongezwa kitu kipya, waketini watoto pamoja na wazee, wakiulize kilivyofungwa tangu mwanzo, na majibu yaandikwe. Sisi tulianza kuandika tukiwa tumekwisha kuchelewa msimu mmoja. Daftari letu lina michoro ya nyaya zote za trekta, tarehe za kubadili mkanda, na vipimo vya betri vya kila masika. Liko kabatini katika ofisi ya kikundi, na kila apendaye kulisoma aje, atalipewa.